Mtofaa, Ndugu wa Mkarafuu Asiye na Mtetezi

Pemba ina miti mitatu ya ukoo mmoja: mkarafuu, mzambarau na mtofaa. Wataalamu wa mimea wameiweka yote mitatu katika jenasi moja, Syzygium, na mwenye macho anaweza kuuona udugu huo katika majani yake manene yanayong'aa na katika maua yake yaliyojaa nyuzi nyembamba. Lakini ndugu hawa hawakutendewa haki sawa. Mkarafuu una sheria yake, una shirika lake la biashara, una vituo vya ununuzi na mizani, na una askari wa kuzuia magendo ya zao lake. Mtofaa una kivuli chake tu, na watoto wanaouparamia.

Nadai katika makala hii kwamba tofauti hiyo haikuletwa na maumbile. Imeletwa na sera. Tumejifunza kuuthamini mti kwa kadiri unavyomshibisha mnunuzi wa mbali, na kuudharau kwa kadiri unavyomshibisha jirani. Tusipoubadili mtazamo huo, mtofaa wa Pemba utatoweka bila ya kuugua ugonjwa wowote. Utatoweka kwa kukosa mtu wa kuusemea pale panapokatwa maamuzi.

Tuanze na hapa Gombani, katika mji wa Chake Chake, penye uwanja wa michezo unaojulikana Zanzibar nzima. Mtu akitaka tufaha lililosafiri kutoka Afrika Kusini, likapita Dar es Salaam, likavuka bahari, atalipata karibu mwezi wowote wa mwaka. Akitaka tofaa, tunda lililozoea udongo wa kisiwa hiki, itambidi angojee msimu, na hata msimu ukifika, asiye na jirani mwenye mti hana uhakika wa kulionja. Nenda katika semina yoyote ya lishe au warsha yoyote ya uchumi. Mezani utakuta tufaha limekatwa vipande na kuchomwa vijiti, na mtoa mada amesimama mbele yake akihimiza mazao ya nyumbani. Hakuna anayecheka. Tumeshazoea.

Lugha yenyewe inatushuhudia. Neno moja la Kiarabu, lenye maana ya tunda hilo la nchi za baridi, limetuzalia maneno mawili: tufaha na tofaa. Tufaha, ambalo wengi sasa huliita epo, ni tunda la mti wa baridi. Tofaa, kwa Mzanzibari, ni tunda la Syzygium malaccense: jekundu lililoiva hadi kukaribia zambarau, au la waridi, au jeupe, lenye umbo la pea, ngozi nyembamba, nyama nyeupe iliyojaa maji, na harufu ya mbali ya waridi. Si sisi peke yetu tuliolifananisha. Watu wa Trinidad huliita pomerac, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya tufaha la Malaka. Wajamaika huliita kwa jina lenye maana ya tufaha la Tahiti, kwa kuwa lilifika kisiwani kwao mwaka 1793 katika meli ya Providence, iliyochukua pia miche ya mshelisheli. Kila penye joto na mvua, watu walilitazama tunda hili wakasema: hili ndilo tufaha letu. Sisi tulisema hivyo kabla ya wengi, kisha tukasahau kwamba tulisema. Leo mwanafunzi hukutana na tufaha kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu cha Kiingereza, penye herufi A, na anaweza kumaliza skuli bila ya kulikuta tofaa katika ukurasa wowote.

Sina ugomvi na tufaha. Nataka tulielewe, maana ndani yake mna somo tunalolikimbia. Asili yake ni milima ya Tian Shan katika Asia ya Kati, upande wa Kazakhstan ya leo. Kipupwe cha huko hakifanani na chetu. Majani hupukutika, na macho ya mti hulala usingizi mzito. Ili macho hayo yaamke kwa pamoja, mti lazima upitie saa nyingi za baridi. Aina nyingi za zamani huhitaji baina ya saa 800 na 1,000 za hewa iliyo chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Baridi ikipungua, mti huchanganyikiwa: jicho moja huamka, jingine hulala, maua huwa machache na matunda haba. Ndiyo maana katika Tanzania tufaha hutafutiwa nyanda za juu, kama Lushoto na Njombe. Pemba haina usiku hata mmoja wa kuukaribia ubaridi huo. Zipo aina zilizozoeshwa joto, kama Dorsett Golden ya visiwa vya Bahama, lakini nazo hazikuanguka kutoka mbinguni: mtu aliuona mti uliovumilia, akautunza, akaupa jina, akagawa vikonyo vyake.

Sasa tazameni jinsi wenye tufaha wanavyolitendea. Warusi wana aina ya zamani iitwayo Antonovka. Ni tunda kali kidogo, la rangi ya kijani inayoelekea manjano, lisilo na urembo wa kupigiwa picha dukani. Lakini mti wake hustahimili baridi inayoshuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri, mizizi yake huzama ndani, na miche inayooteshwa kwa mbegu zake hutumika kama shina la kuunganishia aina nyingine katika nchi nyingi za baridi. Warusi hawakuitupa Antonovka kwa sababu ni kali. Waliiloweka, wakaisaga, wakaikausha, wakaipika. Mji wa Kursk umeisimamishia sanamu. Huko Uingereza, katika jimbo la Kent, mahali paitwapo Brogdale, taifa linatunza bustani yenye aina zaidi ya 2,000 za tufaha, zote zikiwa miti hai iliyopandwa kwa safu. Nyingi kati ya hizo hazina soko hata kidogo. Zinatunzwa kwa sababu taifa lile linajua kwamba aina ikipotea hairudi, na kwamba hakuna ajuaye ni sifa ipi ya mti ambayo wajukuu watakuja kuihitaji.

Swali ni jepesi: iko wapi Brogdale ya Pemba?

Wapo watakaonijibu kwamba tofaa limetajwa katika orodha za madodoso ya takwimu za kilimo. Kweli, limetajwa. Lakini kutajwa si kutunzwa. Mstari wa dodoso hauoti, wala haunyweshwi maji. Mwaka 1949, R. O. Williams alichapisha kitabu kizima kuhusu mimea ya manufaa na ya mapambo ya Unguja na Pemba. Simsifu mkoloni, utawala ule uliorodhesha mimea kwa sababu ulitaka kujua ulichokimiliki. Kinachonisikitisha ni kwamba sisi, wamiliki wa kweli, hatuna pupa kama ile ya kukijua kilicho chetu.

Jambo hili lina haraka, na haraka yake imo ndani ya mbegu. Mbegu ya mpunga au ya mtama unaweza kuikausha, ukaiweka katika ghala la baridi, ukairudia baada ya miaka. Mbegu ya tofaa haikubali. Ni kubwa, ina maji, na ikikauka hufa. Uwezo wake wa kuota hupotea ndani ya siku au wiki chache baada ya kutolewa katika tunda. Maana yake kisera ni nzito. Hakuna jokofu, Arusha wala Ulaya, litakalotuhifadhia mtofaa wa Pemba kwa mbegu kavu. Ghala lake pekee la kweli ni mti uliosimama, juu ya kipande cha ardhi ambacho mtu ameamua hakitageuzwa kitu kingine. Kuuhifadhi mtofaa ni uamuzi wa ardhi, na uamuzi wa ardhi ni siasa.

Na ardhi yetu inabanwa. Ekari tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 zimeshagawanywa tena kwa warithi, na kugawanywa mara nyingine. Shamba limekuwa viwanja. Kiwanja kinapopimwa, mti unaoanza kuanguka ni ule usio na karatasi. Mkarafuu una kinga ya sheria, na mwenye kuukata anajua kwamba ataulizwa. Mtofaa ukikatwa asubuhi, jioni ni kuni, na hakuna sheha atakayeitwa kueleza. Mti huo hufikia mita 15 na zaidi. Ukioteshwa kwa mbegu, huchukua kiasi cha miaka 5 hadi 8 kabla ya kuzaa. Hukatwa kwa saa moja.

Najua hoja zitakazoletwa dhidi yangu, na nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: mtofaa si mti wa asili yetu, ulitoka Malaya na visiwa vya jirani yake. Sawa. Mkarafuu nao ulitoka Maluku, ukapitia visiwa vilivyokuwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, ukafika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ukapandwa na kuchumwa kwa jasho la watumwa. Tufaha la Kent nalo si la Kent. Babu yake ni wa Tian Shan. Kama asili ndiyo hoja, basi na tuufute mkarafuu katika fahari ya nchi. Mti huwa urithi wa watu kwa kutunzwa na watu, kwa kupewa jina katika lugha yao, na kwa kuingia katika chakula na kumbukumbu zao. Kwa vipimo hivyo mtofaa una uraia kamili.

Hoja ya pili: tofaa halisafiri. Hili lina ukweli. Ngozi yake ni nyembamba, huchubuka kwa kuguswa, na likishachumwa hukaa siku chache tu. Lakini tufaha nalo halikuzaliwa na ujuzi wa kusafiri. Limejengewa vyumba vya baridi ambamo hewa yenyewe hupimwa na kupunguzwa oksijeni ili tunda lipumue polepole, limechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa ugumu wa nyama yake, limepakwa nta. Kazi ya vizazi vya utafiti imemiminwa katika tunda lile, kisha sisi tunalilinganisha na tunda ambalo hatujalifanyia kazi ya kutosha hata siku moja, na tunatangaza kwamba la kwanza ni bora. Huo si ulinganisho wa matunda. Ni ulinganisho wa bajeti. Isitoshe, nani aliyesema kila tunda lazima lisafiri? Kutoka shamba la Wilaya ya Chake Chake hadi mlango wa skuli ya Gombani si safari ya kuhitaji nta.

Hoja ya tatu: tofaa halina bei. Naam, na karafuu bei yake ilitoka wapi? Tangu enzi za masultani hadi leo, dola haikuiacha karafuu ijitafutie njia sokoni peke yake. Iliamuru ipandwe, ikaipimia, ikaipangia bei, ikaipigia hesabu katika bajeti, na bado kila mwaka huotesha miche yake na kuigawa. Dola inayojua kufanya hayo yote kwa mti mmoja haiwezi kusimama mbele ya ndugu wa mti huo na kusema kwamba bei ni amri ya Mungu.

Historia inatufundisha pia hatari ya kuegemea nguzo moja. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha kwa sehemu kubwa ile ya Pemba, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kilichobeba zao hilo. Tuliona fahari. Lakini katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa kupita wote, ilifikia kujitosheleza kwa karafuu zake, na bei ya dunia ikaporomoka. Uamuzi uliofanywa na watu wasioijua hata njia ya kwenda Gombani uliingia katika kila chungu cha Pemba. Karafuu haichemshwi ikawa chakula cha mtoto. Miti inayolisha watu wakati kama ule ni ile isiyotangazwa: mshelisheli, mfenesi, mwembe, mgomba, na huo mtofaa uliosimama nyuma ya nyumba. Nchi yenye hekima huipa miti ya namna hiyo nafasi katika sera kabla ya njaa, maana wakati wa njaa huwa imeshachelewa.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala upitao ni huu tunaoukimbilia katika kila mpango mpya: mwaka huu tunaambiwa zao hili litatukomboa, mwaka ujao ni lile, na daima mkombozi huwa na asili ya ugeni na soko la ugenini. Mbachao ni mtofaa. Umechakaa machoni petu kwa kuwa umekuwepo siku zote. Huchanua juu ya matawi makuukuu na juu ya shina lenyewe, kisha nyuzi za maua huanguka na kuitandika ardhi kwa rangi ya waridi iliyokolea, jamvi ambalo hakuna aliyelisuka. Baada ya miezi miwili hivi, tunda huwa limeiva. Hauombi baridi, hauombi nta. Unaomba mvua, udongo wenye kina usio na chumvi, na kivuli kidogo wakati wa uchanga wake. Pemba inavyo vyote hivyo.

Basi nini kifanywe? Nasema na makundi matatu, kwa kuwa najua ndiyo yanayosoma hapa.

Kwenu watumishi wa umma. Kazi ya kwanza ni kuijua miti iliyopo. Kila shehia ina sheha, na sheha huwajua wazee wenye mitofaa. Daftari la shehia lenye mahali ulipo mti, umri wake kwa kukisia, rangi ya tunda, ladha yake na mwezi wake wa kuzaa halihitaji mfadhili. Kazi ya pili ni kutenga shamba hai. Utafiti wa kilimo una kituo chake Matangatuani. Na pawe na safu za mitofaa iliyotolewa katika kila wilaya ya Pemba, iliyozalishwa kwa kuotesha mizizi tawini au kwa kuunganisha, ili mti bora ubaki kama ulivyo. Kazi ya tatu ni kuingiza miche ya tofaa katika vitalu vya Serikali, kando ya ile ya mikarafuu, na kuigawa kwa utaratibu ule ule. Kazi ya nne ndiyo nyepesi kuliko zote: ofisi ya umma iandaapo matunda katika msimu wa tofaa, iweke tofaa. Anayeona haya kumkirimu mgeni kwa tunda la kwao hana cha kumwelimisha mkulima.

Kwenu wanafunzi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina kampasi yake hapa Pemba, na kina skuli ya kilimo Kizimbani. Kila mwaka mnatafuta mada za utafiti, na kila mwaka mada zile zile hurudi zikiwa zimebadilishwa kilemba. Hii hapa mada: ni namna ngapi za tofaa zimo katika kisiwa hiki, zinatofautiana vipi kwa sukari, kwa maji, kwa uvumilivu wa ukame, na ni ipi inayodumu zaidi baada ya kuchumwa? Ipi hufaa sharubati, ipi achari, ipi jamu? Majibu yake yamo katika vitongoji vyenu, na wenye kuyajua wanazeeka. Mzee akienda na maarifa yake, hata mti ukibaki, huwa umebaki bubu.

Kwenu wanaharakati. Mmezoea kutetea misitu, na mmefanya vyema. Msitu wa Ngezi na popo wa Pemba, mlaji wa matunda na msambazaji wa mbegu, wangekuwa katika hali mbaya zaidi pasingekuwa na watu wa kuwasemea. Lakini mti wa uwani haujapata harakati yake. Dai lenu liwe jepesi na la kisheria: mti wa matunda wa zamani utambuliwe, uandikwe, na ukilazimika kukatwa kwa ajili ya jengo, mkataji apande mingine mahali palipokubaliwa, wala asipewe kibali kabla ya kuonesha miche. Wajumbe wetu wa Baraza la Wawakilishi wanajua kutunga sheria ya mti. Walishaufanyia mkarafuu.

Hapo atasimama mtu na kusema kwamba nchi ina mambo makubwa zaidi kuliko tofaa: maji, umeme, ajira, hospitali. Ndugu yangu, hayo yote ni makubwa. Lakini dola hupimwa pia kwa jinsi inavyokitendea kitu kidogo kisichoweza kuidai. Serikali ambayo haiwezi kupanda safu moja ya mitofaa, kwa miche isiyogharimu fedha za kigeni, katika udongo usiohitaji mtaalamu wa kigeni, ituambie ni kwa ujuzi gani itayatekeleza yale makubwa. Katika hili kisingizio cha umasikini hakipo.

Msimu ujao matofaa yataiva tena na mengine yatajiangukia. Ndani ya kila tunda lenye mbegu mna mti mzima, na muda wake wa kungojea ni wa siku kuhesabika. Mwenye kitalu na ayaokote.